Uzuri wa Mkakasi: Neno Juu ya Filamu ya Avatar

Ndugu msomaji, wahenga walituachia methali isemayo: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii inafaa kukumbukwa kila watu wanapokutana na kuzungumza juu ya filamu ya Avatar. Mmoja atasema kuwa hajapata kuona kitu kizuri kama kile tangu azaliwe. Mwenzake atamjibu kuwa aliujua mwisho wake hata kabla chai haijapoa. Wote wawili wamesema kweli. Lakini kweli mbili zikigongana, hapana budi tuketi tuzipime. Maana filamu hii imeingia majumbani mwetu, na watoto wetu wanaijua pengine kuliko wanavyozijua ngano za bibi zao.

Filamu yenyewe ilitengenezwa na James Cameron, mzaliwa wa Kanada, ikatolewa Desemba 2009. Ni hadithi ya sayansi ya kubuni, yaani mambo ya anga na mitambo ambayo hayajatokea. Iligharimu kiasi cha dola milioni 237, na mapato yake yamepita dola bilioni 2.9, hakuna filamu nyingine duniani iliyopata kukusanya fedha nyingi hivyo. Sehemu ya pili ilitoka Desemba 2022, na ya tatu Desemba 2025. Basi si jambo la kupita. Ni mazungumzo ya umri mzima wa kijana.

Kwa nini tuipime Sindeni

Tumechagua kuipima filamu hii kutoka Sindeni, kati ya Handeni na Korogwe, wala si kutoka katika jumba la fahari la mji mkubwa. Na sababu tunayo. Filamu hii ilifanywa itazamwe kwenye kioo kikubwa kama ukuta wa msikiti, mtazamaji amevaa miwani maalumu. Picha mbili hutupwa kwa pamoja, kila jicho likapokea yake, na akili ikaziunganisha hata jani likaonekana limetoka kiooni likakusogelea usoni. Sindeni hakuna jumba la namna hiyo. Zamani aliyetaka sinema alifunga safari hadi Tanga mjini, kwenye majumba kama Majestic. Siku hizi ataitazama kwenye televisheni ya nyumbani, katika simu, au katika banda la video, juu ya mabenchi, jenereta ikinguruma nje.

Hapo ndipo mizani ilipo. Bibi harusi akiwa na wanja, hina na vito, kila mtu atamsifu. Lakini mumewe ataishi na sura iliyobaki vito vikishavuliwa. Mtazamaji wa Sindeni amepewa filamu hii bila vito vyake. Amebakiwa na hadithi. Kwa hiyo akisema neno juu ya hadithi, tumsikilize kuliko yule ambaye macho yake yalilewa.

Hadithi kwa ufupi

Ni mwaka 2154. Wanadamu wamefika Pandora, mwezi unaoizunguka sayari ya mbali, kutafuta jiwe lenye thamani kubwa mno. Wenyeji wake, Wana'vi, ni warefu kiasi cha mita tatu, ngozi yao ya buluu, nao wanaishi msituni. Kampuni inataka wauhame mti wao mkubwa, kwa kuwa jiwe lipo chini yake. Jake Sully, askari aliyepooza miguu, anapewa kuuendesha kwa mawazo mwili mwingine uliotengenezwa mfano wa wenyeji, ili aingie kwao na kuwapeleleza. Anapokewa, anafundishwa na Neytiri, binti wa mkuu wao, anampenda, kisha anawageuka waliomtuma. Vita vinapigwa, wageni wanafukuzwa, na Jake anabaki kuwa mwenyeji na kiongozi.

Msomaji ambaye hajaiona atakuwa ameshaumaliza mwisho huo mwenyewe kabla hatujaufikia. Ndiyo lawama yenyewe.

Wanaoisifu

Wanaoisifu hawakosi hoja. Msitu ule usiku hung'aa kama bahari ya Pangani inapowaka mwanga wa viumbe wadogo gizani. Milima inaelea hewani, maporomoko yakimwagika katika utupu. Na yote hayo hayapo; yalichorwa kwa kompyuta, kazi kubwa ikifanywa na mafundi wa Weta Digital huko New Zealand. Waigizaji walivishwa nguo zenye alama, na kamera ndogo ikatundikwa mbele ya uso wa kila mmoja, hata kope ikitikisika kompyuta iandike. Fundi akifanya kazi yake kwa uangalifu namna hiyo, kumdharau ni uchoyo.

Liko pia tukio moja ambalo hata kioo kidogo hakiliui. Jake anazinduka katika mwili mpya, anaona miguu inatikisika, anatoka mbio wala hasikii wanaomzuia. Kisha anasimama na kuvizamisha vidole katika udongo. Hakuna mlima unaoelea hapo. Kuna mtu tu aliyerudishiwa neema ambayo sisi tunaikanyagia kila siku pasi na kuikumbuka. Tukio hilo peke yake linatosha kuwafundisha watoto wetu namna ya kumtazama ndugu anayetembelea magongo.

Wanaoilaumu

Wanaoilaumu husema kuwa hadithi ni nguo ya mtumba iliyopigwa pasi. Wanaitaja Dances with Wolves ya mwaka 1990, ambayo ndani yake askari wa Kizungu anahamia kwa wenyeji wa Marekani na kuwa mmoja wao. Na Pocahontas, katuni ya mwaka 1995, yenye binti wa mkuu na mgeni aliyekuja na wachimbaji wa dhahabu. Hata wale wanaotoa tuzo za Oscar waliligundua jambo hili. Mwaka 2010 waliiteua Avatar katika nafasi tisa, ikashinda tatu: upigaji picha, upambaji wa mandhari, na hila za macho. Zote tatu ni zawadi za jicho. Katika uandishi wa hadithi haikuteuliwa kabisa.

Lakini hapa, ndugu msomaji, tunaomba tusimame kidogo. Je, hadithi kujulikana mwisho wake ni aibu? Tazama kisa cha Nabii Yusuf katika Kurani. Mwanzoni kabisa mtoto anamweleza baba yake ndoto ya nyota kumi na moja, jua na mwezi. Na ndoto hiyo ndiyo mwisho wa kisa. Ufunguo umetundikwa mlangoni, na bado karne kwa karne watu husikiliza na kulia. Tazama pia, kwa kiasi chake, filamu ya Kihindi ya Awara ya mwaka 1951, ambayo wazee wetu wa pwani waliirudia mara nyingi: mapema kabisa mtazamaji hujua kuwa kijana mhalifu ni mwana wa jaji aliyemfukuza mama yake, naye jaji hajui. Kujua hakukuwaondoa vitini, kuliwabana zaidi.

Siri iko katikati. Yusuf anatupwa kisimani, anauzwa, anatamaniwa na mke wa bwana wake, anafungwa kwa kosa asilolitenda. Na mwisho ndugu waliomtupa wanasimama mbele yake, mamlaka yako mkononi mwake. Tunajua kuwa atainuliwa. Tusichokuwa na hakika nacho, kila tunaposikia, ni kama sisi tungeweza kusamehe. Hadithi njema hukuficha nafsi yako hata ukiwa unaujua mwisho.

Kosa lenyewe liko wapi

Basi tunasema kuwa kosa la Avatar si kutabirika. Kosa lake ni kuwa haimwombi mtazamaji kitu chochote.

Kwanza, Jake hajaribiwi kikamilifu. Hapotezi kitu alichotaka kubaki nacho. Alikuwa kiwete, anapata miguu. Alikuwa peke yake, anapata mke. Alikuwa askari wa chini, anapata uongozi. Amewapeleleza watu waliomlisha, na habari zake zimetumika kuwaangamiza. Lakini anaporudi amepanda ndege mkubwa wa kutisha, khiyana yake inasahaulika palepale. Kwetu mtu aliyeuza siri za jirani haondolewi doa kwa kuja na kipando kizuri.

Pili, waovu ni waovu tu. Kanali Quaritch hana usiku mmoja wa kukosa usingizi. Kwa hiyo mtazamaji huketi upande wa wema bila kulipa nauli. Hajiulizi kama yeye naye ana fungu katika Kampuni, ilhali simu anayoitazamia filamu imejaa madini yaliyochimbwa chini ya nyumba za watu wengine.

Tatu, na hili ndilo zito, wenye nchi wanaokolewa na mgeni. Katika mambo ya kweli haikuwa hivyo. Huko India, Wadongria Kondh wa milima ya Niyamgiri walikuwa wakiupinga mgodi juu ya mlima wanaouheshimu, na mwaka 2010 watetezi wao walimwomba Cameron awasaidie kwa kuwa filamu yake ilifanana na habari zao. Lakini haukuja ndege mkubwa. Mwaka 2013, baada ya amri ya Mahakama ya Juu ya India, vijiji kumi na viwili viliitisha mabaraza, na vyote vikasema hapana. Ushujaa wa namna hiyo, wa wazee na akina mama kukaa chini ya mti na kutoa shauri, filamu haikuuona.

Na wapo walioichukua filamu wakaitia maana wao wenyewe. Februari 2010, katika kijiji cha Bil'in, Palestina, waandamanaji walijipaka rangi ya buluu mfano wa Wana'vi, wakaenda kuupinga ukuta uliokata ardhi yao. Walijua kuwa dunia iliwalilia watu wa buluu wasiokuwapo. Wakataka ione waliopo.

Hadithi hii kwetu

Mtu wa Sindeni haendi mbali kuyatafuta hayo. Bushiri bin Salim aliwapiga vita Wajerumani pwani hii mwaka 1888 na 1889, akanyongwa Pangani. Mwaka 1893 Richard Hindorf akaleta miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga hai ilikuwa sitini na miwili tu, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyoenea hadi Korogwe. Wilaya ya Handeni yenyewe ina dhahabu, kule Magambazi. Na tangu 2022 wafugaji kutoka Ngorongoro wamehamia Msomera, humu humu Handeni. Serikali ikasema ni kwa hiari yao, na wengine wakalipinga neno hilo. Swali la nani ampishe nani, na aulizwe na nani, si swali la mwezi wa mbali. Linajadiliwa katika mikutano yetu ya kijiji. Ndiyo maana tunaionea uchungu filamu hii: ililishika jambo kubwa, kisha ikalimaliza kwa mishale na milipuko.

Pengine ndiyo sababu wakalimani wa filamu walipendwa. Hapa Tanzania Lufufu alikuwa mashuhuri katika kazi hiyo, na Kenya DJ Afro. Mkalimani hutia methali, hutia mzaha, humpa adui tabia ya mtu tunayemjua mtaani. Panapokuwa na pengo la maneno, yeye hulijaza. Fedha nyingi kiasi kile zilikosa kitu ambacho mtu mmoja mwenye kipaza sauti anaweza kukiongeza. Na vijana wetu wanaotengeneza filamu kwa kamera ndogo wasikate tamaa, maana hadithi hainunuliwi dukani.

Neno kwa wazazi

Tusifunge macho pia juu ya imani iliyomo. Jina lenyewe latokana na neno la Kihindi cha kale lenye maana ya mungu kushuka katika umbo jingine. Na Wana'vi humwomba Eywa chini ya mti, naye huwajibu. Waambieni watoto wazi kuwa sisi hatuuabudu mti, twamwabudu Aliyeuotesha. Lakini msiishie hapo, maana itakuwa rahisi mno. Mtoto aliyelia mti wa Wana'vi ulipoanguka, kesho yake hupita kando ya magunia ya mkaa yaliyopangwa njiani. Mulizeni: yule asiyeuabudu mti, lakini ameambiwa kuwa ni amana mikononi mwake, anautendeaje? Tukimkosoa mwenye kuvuka mpaka upande wa kuutukuza, tujikosoe na sisi tunaovuka upande wa kuuharibu.

Kwa hiyo filamu hii si ya kufungiwa kabatini, wala si ya kupigiwa vigelegele. Itazameni pamoja na watoto, msiwaachie peke yao. Na ikiisha, zimeni kioo, mwulizane nani aliumia, nani alipewa sifa, na sisi tulikuwa upande gani. Maswali hayo filamu haikuyauliza. Mkiyauliza ninyi, mkakasi utakuwa umetiwa kitu ndani.

Wabillahi tawfiq.