Tarumbeta na Pumzi

Tangu ujana nilipenda malaika wapiga tarumbeta wa Fra Angelico, mtawa wa Italia. Mwaka 1433 alipewa kazi na chama cha wafanyabiashara wa kitani cha mji wa Florence, naye akawachora wakiwa na mabawa na kanzu za rangi, nyuma yao dhahabu tupu. Nyuso zao zimetulia. Tarumbeta kwao ni kama pambo.

Wa Michelangelo niliwaona wabaya. Katika Hukumu ya Mwisho, mchoro wa ukutani alioumaliza mwaka 1541 katika Kikanisa cha Sistina, Vatikano, malaika hawana mabawa. Wana misuli, mashavu yamevimba, wanapuliza kwa nguvu zote kuwaamsha wafu. Kati yao viko vitabu viwili: kidogo cha waliookoka, kikubwa cha waliopotea.

Uzeeni nimebadili hukumu yangu. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kila mwaka nilisoma majina ya waliofeli mbele ya wenzao. Nilisoma haraka, kwa sauti safi, uso mtulivu kama wa malaika wa Fra Angelico. Mwaka mmoja kijana aliposikia jina lake alitoka kimya. Sanduku lake lilibaki bwenini, wala hakurudi kulichukua.

Leo namheshimu zaidi Michelangelo. Malaika wake wanatangaza jambo zito, na uzito wake unaonekana mashavuni mwao. Mimi sikuvimba shavu hata siku moja.