Nani Atoke? Uhakiki Mfupi wa Mchezo wa "Nyama, Nyama"

Wanafunzi wanaposoma fasihi simulizi huanza na hadithi, wakaja methali na vitendawili, wakamaliza na nyimbo. Michezo ya watoto hutajwa kwa sentensi mbili tatu tu, tena chini ya kichwa cha nyimbo. Matokeo yake ni kwamba mwalimu huuchukua mchezo na kuupeleka darasani kuchangamsha somo, bila kuuhakiki kama anavyohakiki shairi. Makala haya yanachunguza mchezo mmoja ambao wengi wetu tumeucheza, yaani "nyama, nyama". Hoja yangu ni kwamba mchezo huu, usipoangaliwa, hufundisha sheria ya chakula ya jamii moja kana kwamba ni sheria ya lugha.

Kanuni zake zinajulikana. Kiongozi hutaja majina ya wanyama kwa kasi. Akitaja anayeliwa, watoto huruka na kuitikia "nyama!". Akitaja asiyeliwa, hutulia kimya. Anayeruka pasipostahili, au anayetulia pa kuruka, hutoka, na mchezo huendelea mpaka abaki mmoja. Kiongozi hodari hutaja ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, mpaka miguu izoee, kisha ghafla hutaja paka.

Namna mbili za kutoka

Tuulinganishe na mchezo wa kugombea viti, uliozoeleka katika sherehe za watoto na hata katika hafla za watu wazima. Viti hupungua kimoja kuliko wachezaji. Muziki ukizimwa, kila mtu hukimbilia kukaa. Wajerumani huuita "Safari ya Yerusalemu". Aliyekosa kiti katika mchezo huo hakukosea kitu. Hesabu ya viti ilikwisha kuamua kwamba mmoja atabaki amesimama, na ikatokea kuwa ni yeye. Akichekwa, huchekwa kwa uzito wa miguu yake.

Katika "nyama, nyama" hakuna nafasi iliyopunguzwa. Watoto wote wangeweza kubaki hadi jioni kama wote wangejibu sawasawa. Kwa hiyo anayetoka hutoka kwa kosa, na kosa lenyewe ni la kutojua, au la kuonekana hajui. Sikilizeni kicheko kinachofuata: "Anakula paka!" Kicheko hicho hakiishii miguuni. Kinakwenda moja kwa moja jikoni kwao.

Aidha, si kila mchezo wetu humtupa nje mtoto moja kwa moja. Katika kombolela, kama jina lenyewe linavyodokeza, waliokamatwa wanaweza kukombolewa na mwenzao ambaye bado hajaonekana. Aliyetoka katika "nyama, nyama" hana mkombozi. Hukumu ya kiongozi ni ya mwisho.

Nyama ni nini?

Mchezo huu umejengwa juu ya tofauti moja ya msamiati wetu: *mnyama* yuko katika ngeli ya A-WA, na *nyama* iko katika ngeli ya I-ZI. Shina ni moja, lakini kiambishi kimewatenganisha anayetembea na kinachopikwa. Swali la mchezo, basi, ni hili: mnyama yupi ni nyama?

Hata miongoni mwa Waswahili wenyewe jibu haliko wazi kama tunavyodhani. Ingia mgahawani, usome ubao: wali nyama, wali kuku, wali samaki. Hapo kuku si nyama. Anayeagiza "wali nyama" akaletewa kuku atalalamika. Katika duara la watoto, hata hivyo, asiyeruka kwa kuku hutoka. Mchezo unatumia maana pana, mgahawa unatumia maana finyu, na hakuna anayemweleza mtoto kwamba anahama kutoka moja kwenda nyingine. Samaki naye humweka kiongozi mwenyewe njia panda.

Mfano wa Chienge

Tuupeleke sasa mchezo huu mahali ambapo tofauti hiyo ya maneno haipo. Chienge iko Zambia, kwenye ufuo wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Mweru. Jirani yake ng'ambo ya mpaka ni Pweto, Kongo, mahali Mto Luvua unapotoka ziwani. Kiswahili si kigeni katika ukanda huo. Tippu Tip alipigana na Nsama wa Itawa, mashariki ya ziwa, mwaka 1867. Katika miaka yetu, Kiswahili cha Katanga kimevuka mpaka na Wakongo waliokimbia mapigano. Makazi yao ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yalifunguliwa mwaka 2018.

Lugha ya mawasiliano huko ni Kibemba, pamoja na Kibwile cha wenyeji wa Chienge. Katika Kibemba neno *inama* ni mnyama na ni nyama pia. Katika Kiswahili cha Kongo vilevile, *nyama* hutumika kwa mnyama mzima, awe anachinjwa au anawinda. Mweke mtoto wa huko katika duara letu, kisha taja simba. Akiruka, ametoka. Lakini amekosea nini? Kwa sikio lake, simba ni nyama, na hajasema lolote kuhusu kumla.

Taja sasa kiwavi. Kiongozi wa Dar es Salaam anategemea kimya na kicheko. Katika nchi ya Wabemba na mkoani Luapula, viwavi wanaoitwa *finkubala* ni kitoweo cha heshima, huuzwa sokoni. Wala tusiende mbali: taja senene Bukoba, kumbikumbi magharibi mwa Kenya, ngamia Garissa, kisha utaje nguruwe Lamu na Moshi, uone watakaoruka. Kila kituo kina duara lake na kila duara lina waliotolewa.

La kufanya darasani

Mwenzangu anaweza kusema kwamba mchezo ni mchezo, na bila mtu kutoka hauna ladha. Nakubali. Sipendekezi tuufute. Napendekeza tubadilishe kinachohukumiwa.

Kwanza, mchezaji aliyeruka peke yake asitolewe papo hapo. Apewe nafasi ya kujitetea kwa sentensi moja au mbili za Kiswahili zenye kiambishi *hu-*: "Kwetu viwavi huliwa. Huchemshwa, kisha huanikwa juani." Akiitunga vizuri, abaki. Akishindwa, atoke. Hapo atakuwa ametoka kwa sababu ya lugha, ambayo ndiyo tuliyokuja kuifundisha. Itakuwa pia nafasi nzuri ya kuonyesha kazi ya *hu-* ya mazoea, ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuihitaji.

Pili, uongozi uzunguke. Anayetaja majina ndiye mwenye sheria, na darasa ambalo mwalimu ndiye kiongozi siku zote huwa na meza moja tu.

Tatu, kabla ya mchezo, mwalimu aeleze *mnyama* na *nyama*, na awaulize wanafunzi lugha zao zinatenganishaje, kama zinatenganisha. Kwa mwanafunzi wa isimu, dakika kumi hizo zina faida kuliko jedwali zima la ngeli.

Jambo hili si dogo. Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, na Zambia ni mwanachama. Tunajiandaa kuwafundisha watu wenye meza nyingine, ambao wengi wao lugha zao ni ndugu wa karibu wa Kiswahili. Tukiwapokea kwa mchezo unaowatoa nje kwa chakula cha mama zao, watajifunza kunyamaza, na mwanafunzi wa lugha aliyejifunza kunyamaza ni vigumu kumrudisha katika duara.