Kaka Mwenye Kinyongo

Watu wengi watazamapo mchezo humtafuta adui kati ya wezi na wauaji. Katika Better Call Saul, mchezo wa televisheni wa Marekani uliotungwa na Vince Gilligan na Peter Gould, ukaonyeshwa tangu 2015 hata 2022, wezi na wauaji wamo tele. Walakini adui aliye mkuu, kwa maoni yetu, ni mtu wa heshima, mjuzi wa sheria, tena kaka. Ndiye Chuck McGill, wakili wa mji wa Albuquerque, aigizwaye na Michael McKean.

Mdogo wake, Jimmy, alikuwa laghai ujanani. Chuck alimwokoa na kifungo, akampa kazi ya kugawa barua katika ofisi yake ya uwakili. Jimmy akajifunza sheria kwa siri, kwa masomo ya posta, akafaulu mtihani. Hata Chuck alipougua, akiamini kwamba umeme wamdhuru mwili, akakaa nyumbani pasipo taa za umeme, ni Jimmy aliyemletea chakula, barafu na magazeti. Kumbe kaka huyo ndiye aliyezuia kwa siri Jimmy asipewe kazi ya wakili katika ofisi ile, akamwacha mwenziwe, Howard Hamlin, abebe lawama. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kinyongo hiki chatoka wapi? Watunzi watuonyesha mama yao akikata roho hospitalini. Chuck ameketi kando ya kitanda. Jimmy ametoka kununua chakula. Mama aita jina la Jimmy, afa. Jimmy arudipo na kuuliza kama mama alisema neno, Chuck ajibu kuwa hakusema lo lote. Mwana aliyetii siku zote aona kwamba aliyependwa ni yule mwingine.

Sifa kubwa ya mchezo ni kwamba adui huyu amepewa haki yake. Asema Jimmy hafai kuwa wakili, na kweli Jimmy aghushi hati za kaka yake, akigeuza 1261 kuwa 1216. Kosa hilo ni lake, hatumwondolei. Lakini je, Chuck aliyaona mambo yajayo, au aliyapanda mwenyewe? Aliyefungiwa mlango asiposhangaza kupita dirishani, aliyeufunga naye ana sehemu yake.

Katika shauri lililoonyeshwa 2017, Jimmy ampinga kaka yake mbele ya baraza la mawakili. Betri yatiwa kwa hila mfukoni mwa Chuck, naye haisikii. Alipoonyeshwa, aimwaga chuki yake yote hadharani. Mtazamaji huelekea kushangilia. Sisi twahuzunika, maana aliyeuguza ugonjwa ule ndiye sasa aufanyao silaha. Kwa ushindi huo Jimmy amefanana na kaka yake.

Mwaka uo huo Chuck afa kwa moto nyumbani mwake, aliouwasha mwenyewe. Baada yake hadithi za wauza dawa za kulevya zachukua nafasi kubwa mno, na mchezo wapungua uzito. Wapata tena nguvu mwishoni, 2022, Jimmy alipoungama mahakamani hata aliyomtenda kaka yake, akalitwaa tena jina la McGill, akahukumiwa miaka 86.

Tulio wakubwa kwa kuzaliwa tuutazame mchezo huu kwa makini. Chuck alikuwa na neno moja la mama, lililompasa mdogo wake, akalizuia hata kufa.