Uso wa Mfupa Chini ya Chuma

Mkulima wa vilima vya Mbooni hupanda na kushuka matuta ya fanya juu tangu utotoni. Gegedu la upande wa ndani wa goti lake likisagika na kano zikiwa bado nzima, mpasuaji anaweza kubadilisha upande huo tu, goti lililobaki asiliguse. Goti la bandia la Oxford, kazi ya John Goodfellow na John O'Connor, limewekwa kwa namna hiyo tangu 1982: chuma cha mviringo kwenye paja, bamba bapa kwenye ugoko, na kati yao plastiki inayoteleza bila kufungwa popote.

Wengi husifu mviringo ule. Mimi navutiwa zaidi na upande usioonekana. Chini ya bamba kuna mkuku mmoja tu, unaozama katika mfereji uliochongwa mfupani. Katika aina inayotumia saruji, ushikaji uliobaki wote ni wa saruji hiyo, nayo haina unata. John Charnley, aliyeanza kuitumia kwenye nyonga 1958, alisisitiza kwamba si gundi. Hushika kwa kupenya vitundu vya mfupa na kugandia humo.

Fundi wa plasta huuchokoa kwanza ukuta uliolainika, la sivyo plasta itabanduka. Mfupa uliosuguana na mwenzake kwa miaka nao hugeuka mgumu, unang'aa, kwa hiyo hutobolewa matundu madogo kwa keekee. Ila fundi huulowesha ukuta, na mpasuaji hukausha. Damu na mafuta ya uboho ndiyo adui hapa: huziba vile vitundu. Watafiti wa Heidelberg walionyesha kuwa kuosha kwa maji yanayosukumwa kwa mapigo hupunguza mistari myeusi inayoonekana kwenye eksirei chini ya bamba. Saruji ipenye milimita 3 hadi 5. Ikizidi, joto lake linaweza kuua mfupa. Msumeno wa wima nao usishuke kupita kiasi, maana ugoko waweza kupasuka.

Hata kazi njema huweza kuacha mstari mweusi mwembamba, chini ya milimita 2, wenye ukingo mweupe uliotulia. Huo si ulegevu. Kulitoa bamba lililoshika kwa sababu ya mstari huo na maumivu tu ni kumtesa mgonjwa bure. Tena picha yenyewe ipigwe mwale ukiwa sambamba na bamba; ukiinama kidogo, chuma kitaufunika mpaka wote wa saruji na mfupa, na daktari hatakuwa na cha kusoma.