Kugawa Kivuli

Bwana shamba mgeni akiingia kihambani mara ya kwanza, macho yake hutafuta mistari na kuikosa. Mgomba umesimama hapa, mibuni miwili imejibanza kule, gimbi limejiotea penye unyevu, na mnafu ambao hakuna aliyeupanda umetanda nyuma ya banda la ng'ombe. Juu ya vyote hivyo kuna miti mikubwa ambayo mgeni angetamani ipunguzwe kesho asubuhi. Mpango upo, tena wa kale. Ila hauonekani kwa anayetazama chini.

Kihamba ni bustani ya nyumbani ya Wachaga, kwenye miteremko ya kusini na mashariki ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, takriban kati ya mita 900 na 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mara nyingi hakifiki hata hekta moja. Humo humo mna nyumba, mna mifugo, mna makaburi ya waliotangulia, na mna chakula cha mwaka mzima. Katika eneo dogo namna hiyo, kinachogombaniwa kwanza ni mwanga. Mbolea hutoka zizini na maji hushuka kwa mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, kutoka juu msituni, lakini jua halichotwi wala halisombwi. Linafika pale tu mti ulioko juu unapolipa ruhusa.

Kwa hiyo fundi wa kihamba huanza kwa kuijua tabia ya kila mti. Mruka hupendwa kuliko yote. Vijani vyake ni vidogo, mwanga hupenya katikati yake kwa vipande vipande, na usiku hujikunja. Tena ni wa jamii ya mikunde, hivyo majani yanayodondoka huuacha udongo ukiwa na nguvu zaidi kuliko yalivyoukuta. Mringaringa una majani mapana na kivuli kizito zaidi, lakini maua yake meupe huita nyuki, na mbao zake hutoa milango na mizinga. Msesewe haukosi pale penye mpishi wa mbege, kwa kuwa gome lake ndilo linaloipa pombe ile uchungu wake. Mgrevilea ni mgeni kutoka Australia. Umenyooka, unakua upesi, na wenye haraka ya mbao wanausifu. Mimi siupendi sana. Majani yake huchelewa kuoza, na chini yake mboga hujikaza tu.

Kazi yenyewe hufanywa kwa panga na kamba. Anayepanda mtini huanza na matawi ya chini ili shina libaki refu na tupu, na majani yakae juu kabisa. Kivuli cha juu hutembea na jua, hakikai mahali pamoja kutwa nzima, na asubuhi mwanga huingia kutoka ubavuni. Asubuhi ina thamani kubwa mlimani, maana mara nyingi saa za mchana wingu huwa limekwisha kufunika. Tawi kubwa hufungwa kamba na kuteremshwa taratibu, kwa sababu likiachiwa huru litavunja mibuni iliyochukua miaka kukua. Majani huenda kwa mbuzi, kuni huenda jikoni.

Saa ya kupogoa nayo ina hesabu. Januari na Februari, jua likiwa kali na ardhi imekauka, hakuna mwenye akili anayevua mti nguo. Masika inapokaribia, na baada yake ile miezi ya baridi na ukungu, ndipo kivuli kinapogeuka mzigo, na ndipo panga linapopanda. Mpogoaji hukata akitazama chini: mbuni ule wa kona umekuwa mrefu na mwembamba, basi tawi la upande huo liondoke, magimbi yale yanashiba, yaachwe. Wachaga wanajua kugawa nyama ya mnyama aliyechinjwa, kila kiungo na mwenyewe, na mgawaji asiyejua ukoo huzua ugomvi. Kugawa mwanga ni hivyo hivyo.

Mbuni ndio wenye madai magumu zaidi. Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, chini ya miti mingine, na haijasahau kwao. Ukiianika juani bila kinga huzaa kupita uwezo wake, kisha ncha za matawi hukauka na mwaka unaofuata haina kitu. Ukiizidishia kivuli huwa majani matupu, na unyevu unaotuama hukaribisha chulebuni, ugonjwa unaoozesha buni ikiwa bado changa. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI, pale Lyamungu, kimetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na wakulima wamefanya vizuri kuzipokea. Lakini hakuna mche uliozaliwa unajua kupanda mtini kupogoa.

Chini ya miti, juu ya mibuni, kuna migomba, na hapo siasa ya nyumbani huingia. Kwa desturi fedha ya kahawa ilikuwa ya baba, ilhali ndizi na mboga zilikuwa mikononi mwa mama. Mgomba humtilia mbuni kivuli, humnyang'anya pia. Baba akitaka shina liondolewe kahawa ipumue, mama ana majibu: mtori utatoka wapi, ng'ombe atakula nini kiangazi, na mbege ya ubatizo itapikwa kwa nini? Suluhu waliyoizoea ni kulipunguza shina libaki na vizazi vitatu, mama, mtoto na mjukuu, machipukizi mengine yote yang'olewe. Majani makavu hukatwa na kutandazwa chini. Bei ya kahawa ilipoanguka wengi waling'oa mibuni. Sijasikia aliyeng'oa migomba yote.

Ghorofa ya chini kabisa ndiyo inayonivutia, kwa kuwa wageni huidharau. Mnafu wa kivulini una jani pana na laini, na haukimbilii kutoa maua kama ule wa juani. Magimbi hupewa ukingo wa mfongo, pale udongo unaponyonya maji. Kiazi kikuu hupandwa shinani pa mti na kuachwa kipande chenyewe kutafuta jua huko juu, kikiacha mizizi yake inenepe gizani. Mahindi hayakubali mambo haya hata ukiyabembeleza, na Wachaga hawakuyabembeleza: waliyapeleka tambarare, kwenye mashamba ya wazi, wakawa wanashuka kulima na kupanda tena mlima jioni.

Mwaka 2011 kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na FAO miongoni mwa mifumo ya kilimo yenye urithi muhimu duniani. Heshima hiyo ni stahili yake. Shida ni kwamba wapogoaji wanazeeka, vihamba vinagawanywa kwa watoto hadi vinabaki ukubwa wa kiwanja cha nyumba, na mringaringa uliochukua maisha ya mtu kukua unageuzwa mbao kwa ada ya shule. Siwezi kumlaumu mzazi huyo.

Siku hizi panapoachwa wazi hupandwa mparachichi, kwa kuwa tunda lake lina soko. Sina ugomvi na soko. Ila mparachichi hauvui majani, kivuli chake ni kizito mwaka mzima, na chini yake hata mnafu hukataa. Anayeutaka aupande pembeni, aukate matawi ya chini mapema, na ajiandae kwa jirani. Kivuli hakijui mpaka, na jirani huyo akija kulalamika, itabidi lipelekwe jani la isale la kuombea msamaha kabla ya kuzungumza habari za panga.