Njumu za Bern: kiatu ni cha mguu wa kusimamia

Mchezaji anapochagua njumu, mara nyingi hufikiria mguu wa kupigia. Huuliza kama kiatu kitampa shuti kali na kama mpira utatulia kwenye ngozi yake. Fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 inatuonyesha mahali pengine pa kutazama. Faida kubwa ya njumu iko kwenye mguu wa kusimamia, ule unaobeba mwili mzima wakati mguu mwingine unapiga.

Tarehe 4 Julai 1954, katika uwanja wa Wankdorf mjini Bern, Uswisi, Ujerumani Magharibi ilikutana na Hungaria ya Ferenc Puskás, timu iliyokuwa haijapoteza mechi ya kimataifa tangu 1950. Katika hatua ya makundi Hungaria ilikuwa imewachapa Wajerumani haohao 8-3, ingawa siku hiyo kocha wa Ujerumani, Sepp Herberger, aliwapumzisha wachezaji wake kadhaa muhimu. Siku ya fainali mvua ilinyesha na uwanja ukalowa.

Wajerumani walisafiri na fundi wao wa viatu, Adi Dassler, mwanzilishi wa adidas. Kwa miaka mingi meno ya njumu yalikuwa vipande vya ngozi vilivyopigiliwa misumari kwenye soli. Kuyabadilisha kulihitaji nyundo na muda. Meno ya Dassler yalifungwa kwa skrubu, kwa hiyo hali ya hewa ilipobadilika, mafupi yalifunguliwa na marefu yakafungwa mahali pake.

Jino fupi kwenye tope hugusa tabaka la juu tu, na tabaka hilo ndilo linaloteleza. Jino refu hulipita na kushika udongo mgumu ulio chini. Mchezaji anayeamini mguu wake hautateleza huthubutu kukimbia kwa kasi, kufunga breki ghafla na kuegemea upande mmoja anapopiga. Asiye na imani hiyo hufupisha hatua, husimama wima, na mpira wake hupaa au hukosa nguvu.

Njumu hizo hazikuzuia lolote mwanzoni. Puskás alifunga dakika ya 6, na dakika ya 8 Zoltán Czibor akaongeza la pili baada ya beki wa Ujerumani Werner Kohlmeyer na kipa wake Toni Turek kutoelewana. Hilo lilikuwa kosa la mawasiliano, na hakuna kiatu kinachotibu kosa la namna hiyo. Max Morlock akarudisha moja dakika ya 10 kwa kujinyoosha na kuusukuma mpira wavuni, na dakika ya 18 Helmut Rahn akasawazisha kutokana na kona ya Fritz Walter.

Bao la kutazamwa kwa makini ni la dakika ya 84. Mpira uliookolewa na mabeki wa Hungaria ulimfikia Rahn nje kidogo ya eneo la hatari. Akautuliza, akawahadaa mabeki, akauhamishia mguu wa kushoto na kupiga shuti la chini lililompita kipa Gyula Grosics. Katika mwendo huo alibadilisha mwelekeo akiwa na mpira, kisha akauacha mguu wa kulia ubebe uzito wote juu ya majani yaliyolowa. Mguu huo wa kulia ungeteleza hata kidogo, shuti lisingekwenda pale. Matokeo yakawa 3-2.

Si haki kuwapa viatu sifa yote. Puskás alicheza akiwa ametoka kwenye jeraha la kifundo cha mguu, Turek aliokoa mipira mingi ya hatari, na mwishoni bao la Puskás lilikataliwa kwa kuotea. Meno marefu yaliwapa Wajerumani nafasi ya kutumia ufundi waliokuwa nao tayari, na Rahn alikuwa nao.

Hapa ndipo makocha wetu wa vijana wana kazi. Kanuni ya Bern ni kuusoma uwanja kwanza, ndipo uchague meno. Wakati wa masika, uwanja ukiwa tope, meno marefu na machache hufaa, kwa kuwa tope haligandi kwa urahisi kati yake. Kiangazi, ardhi ikikauka, chagua meno mafupi na mengi. Meno marefu hayawezi kuzama kwenye ardhi kavu. Uzito wote hukaa kwenye ncha chache, nyayo huuma, na kifundo hukosa utulivu. Kiatu kisimpwaye mchezaji, maana mguu ukiteleza ndani ya kiatu, meno yaliyoshika chini hayana msaada.

Kisha mguu wa kusimamia ufundishwe. Mwanzoni mtoto apige mpira akitembea: mguu wa kusimamia utue kando ya mpira, kidole gumba kielekee anakopiga, goti likunjwe kidogo. Akishazoea, afanye hivyo akikimbia polepole, halafu kwa kasi. Ongeza zoezi la kukimbia na kusimama ndani ya hatua tatu, na la kugeuka kulia na kushoto akiwa na mpira. Yote yafanywe kwa miguu yote miwili, na mara nyingine uwanja ukiwa umelowa.

Timu isiyo na fedha za njumu za aina mbili inaweza kuanza na mazoezi haya leo. Mtoto aliyejifunza kusimama vizuri atafaidika na kiatu chochote kizuri atakachopata baadaye. Asiyejifunza ataendelea kupaisha mipira hata akivaa njumu za bei ghali kuliko zote dukani.