Nusu ya Tone

Mkono wa kushoto ndio unaoshika koki. Wanafunzi wageni hulishangaa jambo hili, hasa wale waliolelewa wakiambiwa kuwa mkono wa kushoto si wa kazi za heshima. Lakini mbele ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo unaosimama wima kwenye stendi, mkono huo hupita nyuma na kuikumbatia koki: dole gumba upande mmoja, vidole viwili upande wa pili, vikiivuta kidogo kuelekea kiganjani ili isilegee ikavuja. Mkono wa kulia unabaki na kazi moja tu, kushika shingo ya chupa iliyo chini na kuizungusha bila kukoma. Nilimtazama fundi sanifu wa maabara yetu akifanya hivyo kwa miaka yote niliyokaa chuoni. Mpaka leo nikisikia neno kemia, sioni fomula. Naiona mikono ile.

Barua yake ya ajira ilimwita fundi sanifu. Sisi tulimwita Mwalimu, na tulimwamkia kabla ya kuvaa makoti. Tulikuwa tunasoma stashahada ya juu, ngazi ya 7 katika mfumo wa tuzo za ufundi Tanzania, hatua moja kabla ya shahada. Watu huitaja ngazi hii harakaharaka, kana kwamba ni kituo ambacho basi halisimami. Mimi naiheshimu kuliko nyingine zote nilizopitia, kwa kuwa ndipo nilipofundishwa kwamba kujua na kuweza ni mambo mawili. Darasani niliweza kuandika mlinganyo wa asidi na besi nikiwa nusu usingizini. Maabarani ilinichukua muhula mzima kupata jibu lile lile mara tatu mfululizo.

Kazi haianzi na asidi. Inaanza na kuosha, na hapo ndipo wengi walipochoka mapema. Bureti ikishapigwa sabuni husuuzwa kwa maji ya bomba, kisha kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa kiasi kidogo cha mmumunyo ule ule utakaojazwa ndani yake. Huu wa mwisho hutiwa mara mbili, na kila mara mrija hulazwa na kuzungushwa hadi ukuta wote ulowe. Pipeti, ule mrija wa kunyonyea kiasi kimoja kilichopimwa, nayo ni vivyo hivyo. Chupa ya koni, ile inayokaa chini, husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa peke yake, na ikibaki imelowa haidhuru. Nilihangaika na jambo hili kwa majuma kadhaa: kwa nini vyombo vitatu vya meza moja viwe na sheria mbili?

Jibu ni zuri, na sijachoka kulisimulia. Maji yaliyosalia ndani ya bureti huuzimua mmumunyo, na kila kitakachotoka humo kitakuwa kimepungua nguvu kuliko tunavyodhani. Ndani ya chupa ya koni mambo ni tofauti. Pipeti imekwisha kuhesabu kiasi cha dawa kinachoingia, na maji ya ziada hayaongezi wala hayapunguzi chembe hata moja. Ukimhesabia mtu maembe kumi, ukubwa wa kapu haugeuzi hesabu.

Akimaliza kuosha, Mwalimu aliinua kioo kwenye mwanga wa dirisha. Kioo safi hulowa sawasawa, utando mmoja juu hadi chini. Penye mafuta ya vidole maji hujikusanya matone matone. Akiona hata tone moja limejitenga, anarudi kwenye karo bila kusema neno. Kisha anaijaza bureti kwa faneli, na faneli anaiondoa hapo hapo, maana tone lililojificha shingoni mwake laweza kuanguka katikati ya kazi na kuharibu hesabu. Anafungua koki kwa ghafula ili hewa iliyonaswa chini yake itoke. Povu dogo likibaki pale, likaja kutoka baadaye, bureti italihesabu kama asidi.

Pipeti ina adabu yake. Hunyonywa kwa mpira, kamwe si kwa mdomo. Mmumunyo hupandishwa kupita alama, kisha hushushwa taratibu hadi uso wake uguse mstari. Ukishamwaga, ncha huguswa kwenye ukuta wa chupa, na kitone kinachobaki ndani ya ncha huachwa humo. Kila mwaka alikuwapo mwanafunzi aliyekipuliza kwa nia njema, asipoteze kitu. "Kiache, mwanangu," Mwalimu angemwambia. "Aliyeitengeneza alikwisha kukitoa kwenye hesabu."

Ubavuni mwa pipeti hiyo pameandikwa 20°C. Ni maandishi madogo, na wanafunzi wengi humaliza masomo bila kuyauliza. Maana yake ni kwamba kioo kilipimwa katika joto hilo, nasi tulikuwa Dar es Salaam, ambako mwezi Machi chumba kisicho na kiyoyozi hufika 30 na kupita. Maji yakitoka 20 hadi 30 hutanuka kwa takriban robo ya asilimia. Kwa pipeti ya sentimita za ujazo 25 hiyo ni kama 0.06, yaani tone moja na ushei. Joto la Machi, basi, lina bei yake, na bei hiyo inahesabika kwa matone. Dawa ya Mwalimu ilikuwa ni kuiacha mimumunyo yote ilale usiku mmoja ndani ya chumba kimoja, na asidi ipimwe nguvu zake humo humo, asubuhi ile ile itakayotumika. Hakuwa na uwezo wa kulipoza jiji. Alihakikisha kwamba vyote vimepata joto pamoja, ili kosa la huku lifutane na la kule.

Ufundi huu ulizaliwa katika biashara, na hilo hunifurahisha. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ile ya 19, huko Rouen, Ufaransa, penye viwanda vya nguo, mkemia Descroizilles alitengeneza mirija yenye alama ya kupimia nguvu za dawa za kung'arishia kitambaa, na baadaye nguvu za majivu na magadi yaliyouzwa kiwandani. Mnunuzi alitaka kujua kama gunia lina magadi au lina mchanga. Mkemia mwenzake Gay-Lussac ndiye aliyetumia majina bureti na pipeti mwaka 1824, na Mjerumani Karl Friedrich Mohr akauboresha mrija na kuandika kitabu kizima juu ya upimaji huu mwaka 1855. Mengine tumeyaongeza sisi, lakini Mohr akiingia leo katika maabara ya chuo chochote atajua wapi pa kusimama.

Kusoma bureti ni kuinama. Uso wa kimiminika ndani ya mrija mwembamba hubonyea katikati kama mwezi mchanga, na kinachosomwa ni sehemu ya chini kabisa ya ule upinde, jicho likiwa usawa wake. Ukisoma kutoka juu utaona namba moja; ukichutama, nyingine. Mwalimu alikuwa mrefu, na kila mara alikunja magoti mpaka macho yafike, na nyuma ya mrija akaweka kipande cha karatasi nyeupe chenye mstari mweusi ili upinde uonekane. Mistari ya kioo imegawa kila sentimita ya ujazo mara kumi. Kati ya mstari na mstari hakuna kitu, na hapo ndipo jicho lililofunzwa hugawa tena, 24.30 au 24.35. Tofauti hiyo, 0.05, ndiyo tone moja.

Sasa lile tone. Mwanzoni asidi huachwa itiririke, mkono wa kulia ukizungusha. Chupani, pale asidi inapoangukia, rangi hubadilika kidogo na kurudi. Kila inavyokaribia mwisho, rangi huchelewa zaidi kurudi, na fundi husikia kuchelewa huko vidoleni kabla hajakufikiria. Koki inabanwa. Mtiririko unakuwa matone, matone yanakuwa tone moja moja, na kati ya tone na tone chupa huzungushwa na kutazamwa juu ya kigae cheupe. Mwisho kabisa tone zima ni kubwa mno. Mwalimu aligeuza koki kwa kiasi ambacho sikuweza kukiona, kitone kikachungulia kwenye ncha bila kuanguka, akakigusisha kwenye ukuta wa chupa na kukisukuma chini kwa maji kidogo yaliyokenekwa. Nusu ya tone. Rangi ikageuka, ikakaa.

Kiashiria chenyewe, ile dawa inayogeuza rangi chupani, si kitu cha kigeni kama vitabu vinavyotufanya tudhani. Aliyewahi kumwagikiwa mchuzi wenye manjano kwenye kanzu nyeupe anajua: doa ni la njano mpaka liguswe na sabuni, kisha linakuwa jekundu la kahawia, na mfuaji hudhani ameliharibu zaidi. Hajaliharibu. Manjano yametangaza kuwa sabuni ni ya upande wa besi, na likisuuzwa vema njano hurudi. Fenolfthaleni, iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871, hufanya kazi ya namna hiyo hiyo: haina rangi kwenye asidi, na kwenye besi ya kutosha ni waridi. Bibi zetu walikuwa na kiashiria jikoni.

Lakini sehemu ngumu kuliko zote haikuwa mkononi, ilikuwa kwenye daftari. Namba huandikwa pale pale, kwa kalamu ya wino, kabla ya kufanya hesabu yoyote. Katika muhula wangu wa pili nilipata 23.70, kisha 24.15, na wenzangu wote wa meza ile walikuwa karibu na 24.10. Nikaifanya 23.70 kuwa 24.10, ilihitaji mikwaruzo miwili tu ya kalamu. Mwalimu alilichukua daftari, akalitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kipimo hiki ulikiona, au ulikipenda?" Nilimwambia ukweli. Hakunikaripia. Alikata namba ile kwa mstari mmoja mwembamba, ili iendelee kusomeka, akaandika 23.70 kando yake, kisha akakaa nami mpaka tukapata chanzo: sikuwa nimesuuza pipeti kwa mmumunyo wake, nayo ilianza kazi ikiwa na maji ndani. Kosa lilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na thamani kuliko ulinganifu niliotaka kuununua. Kama ningeiacha 24.10, hakuna ambaye angejua, na mimi nisingejifunza kusuuza.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile aliyokuja na magadi. Aliyanunua sokoni, mawe ya kijivu yenye vumbi, yale yale wanayotia kwenye maharage yalainike upesi na kwenye mlenda. Tuliyacheka kidogo kuyaona juu ya mizani ya maabara. Aliyatwanga, akapima gramu 2.000, akayayeyusha, akachuja tope, akayafikisha sentimita za ujazo 250. Kisha akatuambia ni kitu gani tunakitafuta. Magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya yanayochimbwa kwa ajili ya viwanda vya kioo na sabuni, ni kaboneti ya sodiamu na bikaboneti ya sodiamu zilizoshikamana kwa uwiano wa moja kwa moja, pamoja na maji. Kama kweli jiwe hili ni hilo, asidi itatuambia kwa hatua mbili. Ya kwanza, kwa fenolfthaleni, kaboneti itageuka kuwa bikaboneti. Ya pili, kwa kiashiria kingine, methili oranji, bikaboneti yote itakwisha, ile iliyokuwapo tangu mwanzo na ile iliyozaliwa sasa hivi. Hatua ya pili, basi, inapaswa kula asidi mara mbili ya ile ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni ngumu kwa jicho, kwa kuwa waridi haikatiki ghafula. Hufifia polepole kama kanga iliyoanikwa juani siku nyingi. Mwalimu aliandaa chupa ya pili yenye bikaboneti tupu na matone yale yale ya kiashiria, akaiweka kando ili atazame hii na ile mpaka zifanane. Asidi aliiingiza taratibu mno, akizungusha, maana ukiharakisha gesi hutoroka kabla ya wakati na hesabu huvurugika. Chumba kizima kilinyamaza. Zilipofanana aliinama, akasoma, akaandika 8.15.

Akatia methili oranji, na chupa ikawa ya manjano. Akaendelea. Mkono wa kushoto nyuma ya kioo, wa kulia ukizungusha, mapovu madogo yakipanda. Ilipofika karibu akaibana koki, tone, tone, kisha ile nusu kwenye ukuta wa chupa, na manjano ikawa rangi ya chungwa. 24.55. Mwenzetu mmoja alitoa kwa kichwa kabla ya wote: 16.40. Mara mbili ya 8.15 ni 16.30. Tofauti ilikuwa matone mawili.

"Mwalimu, ni yenyewe," mmoja wetu alisema.

"Huenda," alijibu, akiandika. "Tuna kipimo kimoja tu." Akaifungua koki, akamwaga kilichobaki, akaanza kuisuuza bureti upya.